Riwaya ya Mtoto si Makombo ya Kalamu

Imezoeleka katika baraza za wapenzi wa fasihi kumkaribisha mshairi jamvini na kumwacha mtunzi wa hadithi za watoto kizingitini. Mshairi, husemwa, hukesha na vina na mizani. Huyu mwingine hutunga akijipumzisha, kwa masalio ya wino na masalio ya siku. Kauli hiyo ni dharau, na fauka ya kuwa dharau, ni uongo. Anayetaka kuipima na aitazame siku moja ya kawaida ya Roald Dahl.

Dahl alizaliwa Wales mwaka 1916. Mwaka 1938 alifika Dar es Salaam kuitumikia kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, na mwaka 1939 akajiunga na jeshi la anga la Uingereza mjini Nairobi. Walakini, vitabu vyake mashuhuri havikuzaliwa safarini wala vitani. Vilizaliwa ndani ya kibanda kidogo chenye mlango wa manjano, bustanini kwake katika kijiji cha Great Missenden, Uingereza.

Humo aliingia asubuhi yapata saa nne, akatoka saa sita. Alasiri akarejea saa kumi hadi saa kumi na mbili. Kabla ya neno la kwanza alichonga penseli sita. Aliketi katika kiti kikuukuu kilichokuwa cha mama yake, akalaza mbele yake ubao uliovikwa kitambaa cha kijani, na siku za baridi akaitia miguu katika mfuko wa kulalia. Mgongo wake ulikuwa umeumia tangu ndege yake ilipoanguka katika jangwa la Afrika ya Kaskazini mwaka 1940. Hata hivyo aliketi, akaandika kwa mkono, akafuta, akaandika tena. Rasimu ya kwanza ya Matilda, kitabu kilichotoka mwaka 1988, ilipokamilika aliiona haifai, akaanza upya ilhali umri wake umekwisha kupita miaka sabini. Je, huko ndiko kujipumzisha? La hasha! Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili lilichongwa kwa miongo mitatu na zaidi.

Atatokea wa kupinga: mbona bidii yote hiyo haikumkinga na kosa? Hakika haikumkinga. Katika toleo la kwanza la Charlie and the Chocolate Factory, la mwaka 1964, vibarua wa kiwanda ni mbilikimo kutoka Afrika, waliosafirishwa ndani ya masanduku na kulipwa kwa kokwa za kakao. Aliyeyaandika hayo alikuwa ameishi Dar es Salaam na kuzungumza lugha ya watu wake. Lawama zikazuka, na toleo la mwaka 1973 likawageuza wahusika hao. Lakini hoja hiyo haimsaidii mwenye dharau, yamsuta. Kama hadithi ya mtoto ni jambo jepesi, ya nini kuirekebisha? Ilirekebishwa kwa sababu ubeti mbovu hukutana na mtu mzima awezaye kuutupa, na ukurasa mbovu hukutana na mtoto anayeumeza mzima. Udongo upatize ungali maji, walisema wahenga. Nao hawakusema upatizwe na yeyote apitaye njia.

Basi wahariri, waamuzi wa tuzo na washairi wenyewe wana deni. Mtunzi wa watoto apewe saa zake na mlango wake wa kufunga. Kisha apewe na uhakiki mkali, ule ule anaopewa mshairi, bila ya kuhurumiwa. Msomaji wa mashairi hazaliwi akiwa na miaka ishirini. Huanza na hadithi aliyoisoma akiwa na miaka saba, na iwapo hadithi hiyo ilitungwa kwa makombo, diwani za kesho zitakosa wa kuzifungua.