Mbweha Mwenye Mafua

Ndugu zangu wa kambini, na ninyi wa mashirika mnaotusoma, kuna msemo nimeuchoka: "Binadamu ndivyo alivyo." Watu wakijibu dodoso kwa uongo wa adabu, mnasema ndiyo asili ya mkimbizi, anatafuta kumfurahisha mwulizaji. Sikubali.

Mwanasheria mmoja msomi wa Uingereza, John Selden (1584–1654), alikuwa fundi wa maneno ya kuchekesha kuhusu tabia za watu. Katibu wake, Richard Milward, ndiye aliyeyaandika. Kimoja alichosimulia ni kisa cha simba. Simba alimwita kondoo, akamwuliza kama mdomo wake unanuka. Kondoo akasema ndiyo, akang'atwa kichwa. Akaja mbwa mwitu, akasema haunuki hata kidogo, akararuliwa kwa kujipendekeza. Mwisho akaitwa mbweha (kwetu angekuwa sungura, nani mwingine?). Akasema: samahani mzee, nina mafua, sisikii harufu.

Wasomaji wanacheka, wanamsifu mbweha kwa ujanja wake. Jamani, mbona hakuna anayemtazama simba? Selden alikitoa kisa hicho akieleza kwa nini wenye hekima hunyamaza wakati wa hatari. Na hatari hiyo ina mwenyewe, ana meno. Mbweha hakuzaliwa na mafua.

Selden alijua. Mwaka 1618 alitoa kitabu kuhusu historia ya zaka. Aliitwa mbele ya wakubwa, akalazimishwa kuomba radhi, na kitabu kikapigwa marufuku. Mwaka 1629 alifungwa kwa kumpinga Mfalme Charles I bungeni. Hata hayo mazungumzo yake yalichapwa 1689, miaka 35 baada ya kuzikwa. Huyo ni mbunge, mtu wa vitabu, mwenye marafiki wakubwa. Mama mwenye watoto sita na kadi moja ya mgao, yeye ndiye mnataka awe kondoo?

Juzi kwetu alipita kijana na tableti, mpole kweli. Akauliza kama mgao unatosha. Pembeni yake kasimama yule yule anayeandika majina ya orodha. Jirani yangu, ambaye asubuhi bombani alilaani mpaka ndoo zikatetemeka, akajibu: "Tunashukuru." Kijana akabonyeza, akaondoka. Huko ofisini itasomeka "wameridhika".

Selden aliicheka pia haki inayotegemea dhamiri ya mkubwa mmoja: ni sawa na kupima kwa mguu wa Chansela aliyepo, leo mrefu, kesho mfupi. Hapa tunaijua miguu hiyo. Ofisa akibadilishwa, aliyekuwa "mhitaji zaidi" anaamka si mhitaji tena. Ndiyo maana watu wanachunga midomo.

Na sisi wenyewe tusijisifu kwa mafua haya, maana tunawafundisha hata watoto.

Kama kweli mnataka kujua harufu, mwulizaji asiwe mtu wa orodha. Jina lisiandikwe. Majibu yote, hata ya matusi, yabandikwe ubaoni penye mgao tuyasome. Halafu yule wa kwanza atakayesema "ndiyo, unanuka" tumwone mwezi ujao kwenye foleni, kadi yake ikiwa bado inafanya kazi.