Kinyonga asiye na ulimi asitupwe mtini

Mzazi mmoja hapa Kampala ameniuliza swali ambalo naona linafaa kujibiwa hadharani. Kinyonga anayefugwa na mwanawe alikatwa ulimi na daktari wa mifugo, baada ya ulimi huo kuning'inia nje ya kinywa kwa siku kadhaa na kuanza kuoza. Sasa majirani wanamshauri amrudishe mtini, eti Mungu aliyemuumba atamlisha. Je, afanye hivyo?

Jibu langu ni la. Kumrudisha mtini ni kumhukumu kufa kwa njaa, na si haki kumsingizia Mungu hukumu hiyo.

Kinyonga hana mbio wala makucha ya kukamata windo. Silaha yake ni ulimi. Mwaka 2016 mtafiti Christopher Anderson alionyesha kwamba kinyonga mdogo wa milima ya Usambara, Tanzania, huufyatua ulimi wake hadi mara mbili na nusu ya urefu wa mwili wake. Mwaka huo huo wanasayansi wa Ubelgiji na Ufaransa walieleza kuwa ute ulio kwenye ncha ya ulimi wa kinyonga ni mzito takriban mara 400 kuliko mate ya binadamu. Ndiyo maana mdudu akishanaswa hachomoki. Tena ulimi huo si kama mkia wa mjusi. Ukikatika, hauoti tena.

Ndugu msomaji, tujiulize pia ulimi huo unapoteaje. Yapo majeraha ya bahati mbaya, na yapo maambukizi ya kinywa. Lakini mnyama anapofugwa, mara nyingi chanzo ni matunzo mabaya. Kinyonga anayefungiwa ndani ya katoni chini ya kitanda hapati jua, na bila jua mwili wake hautumii vizuri madini ya kalsiamu. Mifupa hulegea, misuli hudhoofika, na ulimi ukitoka unashindwa kurudi. Hayo yanatokea katika mji wa Kampala, ambako jua ni la bure!

Habari njema ni kwamba kinyonga aliyekatwa ulimi anaweza kuishi, mradi awepo mtu wa kumlisha kwa mkono. Alishwe mchana, baada ya kuota jua la asubuhi mahali penye kivuli cha kukimbilia. Mdudu ashikwe kwa kibano kisicho na ncha kali, kisha aguswe nacho pembeni mwa mdomo. Wengi huachama kwa hasira, na hapo ndipo mdudu huingizwa kinywani taratibu. Asibanwe taya kwa nguvu, maana mifupa iliyokosa kalsiamu huvunjika kirahisi. Baada ya muda, baadhi yao hujifunza kung'ata wenyewe kutoka kwenye kibano au kikombe.

Panzi na nyenje wanafaa, wakinyunyiziwa unga wa kalsiamu kwa kipimo cha daktari. Msimu wa senene ukifika, hao nao ni chakula kizuri, lakini wawe hai, si wale wa kukaangwa kwa chumvi na vitunguu. Mende wa jikoni waepukwe, kwani huenda wamekanyaga dawa ya kuua wadudu. Maji yanyunyizwe juu ya majani au yadondoshwe mdomoni tone kwa tone, kwa sababu kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia bakulini. Macho yakizama, au sehemu nyeupe ya kinyesi ikigeuka rangi ya chungwa, ana kiu. Apimwe uzito kila wiki. Akizidi kukonda, arudishwe kwa daktari, na ikiwa hakuna tena tumaini, daktari ndiye ajuaye namna ya kumpumzisha bila maumivu.

Kazi hii si ya wiki moja. Ni ya maisha yote ya mnyama huyo. Mimi ni mwalimu, na najua watoto wetu wengi husoma shule za bweni. Muhula ukianza na mtoto akapanda basi na sanduku lake, nani atashika kibano? Mzazi ajibu swali hilo kwa ukweli kabla ya kumwahidi mtoto lolote.

Ni kweli kwamba wengi wetu tunamwogopa nawolovu, kama anavyoitwa kwa Kiganda. Wapo wanaompiga mawe wakimwona njiani, na makabila mengi ya Kibantu yanasimulia kuwa ndiye mjumbe aliyechelewa na habari ya uzima. Ajabu ni kwamba tunamshangilia Jose Chameleone jukwaani, huku mwenye jina tunamkimbia. Hofu hiyo inachangia ushauri wa majirani. Ni rahisi kumkabidhi Mungu kiumbe usichotaka kukigusa.

Ushauri wa namna hiyo si mgeni kwangu. Nilisoma shule ya msingi Kenya, wazazi wangu walipokimbia vita vya miaka ya 1980. Tulikula kwa mikono ya watu wengine kwa miaka mingi. Walikuwapo waliotuambia turudi kwetu, Mungu atatulinda, wakati huko kwetu risasi zilikuwa bado zinalia. Waliotusaidia hasa ni wale walioleta unga leo, na kesho wakaja tena.

Jambo la mwisho ni sheria. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, wanyama wa porini wako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na kuwafuga kunahitaji kibali. Wengine wakisikia hivyo hukimbilia kumtupa mnyama usiku ili kuondoa ushahidi. Huo ni ukatili juu ya kosa. Ni heri mzazi aende mwenyewe katika ofisi za Mamlaka ya Wanyamapori (UWA) zilizoko Kamwokya, barabara ya Kira, aeleze hali ilivyo. Pengine ataelekezwa kwenye bustani ya wanyama ya Entebbe, ambako wapo waliosomea kazi hiyo.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, usimrudishe mtini. Mlishe leo, na kesho asubuhi nenda Kamwokya. Na mtoto akija tena na kinyonga mwingine mkononi, huyo mwenye ulimi wake mzima, mshike mkono mkamrudishe pamoja kwenye tawi alilomtoa.