Mwalimu wa Hesabu

Twasikia baadhi ya vijana wetu wa Makambako wakisema hesabu ni mzigo mtupu. Basi na wamjue Robert Parris Moses, mwalimu wa hesabu, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1935.

Mwaka 1961 alikuwa Mississippi akiwaandikisha weusi wenzake wapate kupiga kura. Siku moja, akiwapeleka wawili ofisini, alipigwa kichwani hata akavuja damu. Naye akaendelea nao, kisha akamshitaki aliyempiga. Ushujaa ulioje!

Mwaka 1969 alihamia Tanzania, akasomesha hesabu huko Same hata 1976. Aliporejea kwao alianzisha mradi wa kuwafundisha aljebra (neno la Kiarabu hilo, vijana!) watoto wa maskini, kwani aliona asiyejua hesabu hufungiwa mlango sawa na aliyenyimwa kura. Alifariki mwaka 2021.