Mumiani Imerudi kwa Jina Jingine

Hivi majuzi mwalimu mmoja wa shule ya upili, rafiki yangu wa miaka mingi, alinionyesha kichupa cha utomvu mweusi unaonata. Alikuwa ameambiwa kwamba kipande kidogo mfano wa punje ya dengu, kikikorogwa katika maji ya moto kila asubuhi, kitamrudishia nguvu, kumbukumbu na ujana. Kilichonishtua ni kwamba alikuwa amekwisha kuacha tembe zake za ugonjwa wa kisukari.

Kitu hicho huitwa shilajiti. Hutoka katika nyufa za miamba ya Himalaya wakati wa joto, na waganga wa Ayurveda huko Bara Hindi wameitumia kwa karne nyingi. Jina lenyewe ni la Kisanskriti, na maana yake ni ulimbo wa mwamba.

Kwa Mswahili, hata hivyo, jambo hili si geni. Urusi na Asia ya Kati dawa hiyo huitwa mumiyo, neno lenye asili ya Kiajemi, na asili iyo hiyo ndiyo iliyotupa sisi mumiani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaeleza kuwa mumiani ni kitu cheusi mfano wa gundi, kilicholetwa kutoka Uajemi kutibia mifupa iliyovunjika na maradhi mengineyo. Yaeleza pia kwamba wengi waliamini ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Ndipo mumiani akageuka mnyonya damu wa kutishia watoto.

Babu zetu waliikimbia kwa kutojua kilichomo. Sisi twaikimbilia kwa kutojua kilichomo. Je, tumeendelea wapi?

Sisemi kwamba shilajiti ni uongo mtupu. Ina asidi ya fulviki na madini kadhaa, na yako majaribio yaliyoonyesha dalili za manufaa. Lakini majaribio hayo ni machache, na waliopimwa ni wachache pia. Isitoshe, shilajiti isiyosafishwa yaweza kuwa na madini yenye sumu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa njia ya intaneti; takriban moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Walimu wenzangu, kila siku twawadai wanafunzi wetu ushahidi katika insha zao. Itakuwaje basi sisi tumeze tusichokijua kwa sababu ya maneno matamu ya mchuuzi? Nanyi wanafunzi mnaotafuta kumbukumbu ya mtihani ndani ya kichupa, ulizeni kwanza: kimepimwa na nani, na mlikutwa nini?

Rafiki yangu amerejea kwa daktari wake. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kunywa kwanza na kuuliza baadaye.