Gongo ya Maskini na Chupa ya Tajiri

Habari hii mmeisoma mara nyingi: mtambo wa gongo umekamatwa, pipa limemwagwa chini mbele ya watu, na mama aliyekuwa akipika amepandishwa garini. Jioni ileile, katika baa ya kando ya barabara kuu, chupa ya pombe kali yenye lebo hufunguliwa, na hakuna anayemwagiwa kitu. Kilichomo ndani ya pipa na ndani ya chupa kina asili moja: nafaka, tunda au sukari imechachushwa, ikachemshwa, mvuke wake ukapita katika bomba, ukapoa, ukadondoka. Sisi wa Kibiti twauliza: mama huyu ametenda kosa gani ambalo mwenye kiwanda hakulitenda?

Twasema haya tukijua kwamba wengi wa jirani zetu, kutoka Kibiti mjini hadi visiwa vya delta, ni Waislamu wasiogusa kileo. Hatumshawishi mtu anywe. Asiyekunywa aheshimiwe na dini yake iheshimiwe. Lakini uadilifu wa sheria si shauri la wanywaji peke yao. Sheria inayomkamata mnyonge na kumpisha mwenye nguvu yatuhusu sote, wanywao na wasiokunywa.

Tuanze na asili ya jambo. Mwaka 1890 madola ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, yakaandika mkataba mwingine uliokataza kutengeneza pombe za kukeneka katika nchi hizi, na hata kuwa na mitambo yake. Walidai wanamlinda Mwafrika. Lakini Mzungu wa Tanganyika aliendelea kunywa whisky yake klabuni bila kulindwa na mtu. Marufuku ilikuwa ya rangi ya ngozi. Na palipokuwa na marufuku, moshi ukapikwa vichakani, kwa hofu, usiku, katika vyombo vilivyookotwa. Uchafu wa gongo tunaoulaumu leo ulizaliwa katika kujificha huko.

Wala wapika pombe hawakuwa maadui wa Uhuru. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rufiji, alipowaandikisha wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, aliwaendea wanawake wa vikundi vya ngoma na wapika pombe. Kadi haikuuliza mkono ulioishika ulikuwa umekoroga nini. Senti za mama hawa zilipokelewa. Je, leo ni haki wakumbukwe siku ya msako tu?

Uhuru ulipopatikana, serikali zetu ziliona jambo hili. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965: mpikaji apewe leseni, auze enguli yake kwa kiwanda, kiwanda kiikeneke upya na kuisafisha, itoke ikiwa Uganda Waragi. Mwaka uliofuata, 1966, Tanzania ikatunga Sheria ya Moshi. Jina la sheria hiyo linataja utengenezaji na ukenekaji wa moshi. Lakini waulizeni mama wa Kibiti, wa Bungu au wa Nyamisati kama wamewahi kuiona leseni hiyo kwa macho. Wanachokijua wao ni kifungu cha kukamatwa. Mlango wa kuingilia haukuwafikia. Mlango wa mahabusu u wazi mchana na usiku.

Wakati huohuo pombe kali ya kiwandani ilistawi. Konyagi ilianza mikononi mwa umma. Leo ni mali ya kampuni. Ikaja pombe ya viroba, ikauzwa kwa bei ya mtoto wa shule, mpaka serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Tuliunga mkono hatua ile. Lakini tuseme kweli: viroba havikupikwa na mama wa kijijini. Vilitoka viwandani, vikalipiwa kodi, vikapita barabarani mchana kweupe.

Twajua watatujibu: "Gongo inaua." Hoja hii ni nzito, nasi hatuikimbii. Nairobi, mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya sumu. Mwaka 2014 makumi wengine wa Kenya walikufa katika kaunti kadhaa, na walionusurika wengine walipofuka. Lakini yatupasa kumjua mwuaji kwa jina lake. Ni methanoli, pombe ya viwandani inayotumika katika rangi na vimumunyisho. Nafaka iliyochachushwa kwa hamira haitoi methanoli ya kuangamiza mtaa mzima. Matunda hutoa zaidi kidogo, na ndiyo sababu yahitaji uangalifu. Methanoli iliyoua umati ilimiminwa humo na mfanyabiashara aliyetaka pombe iongezeke bila kupika. Huyo ni mwuaji, na ashtakiwe kama mwuaji. Kumchanganya na mama aliyechemsha pumba ni kumpa mwuaji mahali pa kujificha.

Na wako wanaodhani wanaijua gongo salama kwa kuiwasha kiberiti. Ndugu, huo ni udanganyifu wa hatari. Moto huonyesha ukali tu. Methanoli nayo huwaka, na wala ulimi hauwezi kuitenga. Kadhalika bomba la rejeta ya gari kuukuu laweza kutia risasi ndani ya pombe, na pipa lililobeba dawa ya mashamba halisafishiki kwa mchanga na maji. Mambo haya hupimwa kwa vyombo, na mpikaji hufundishwa kwa subira. Mwenye rungu hawezi kupima wala kufundisha. Mtu anayejificha porini hawezi kupeleka kinywaji chake kupimwa, kwa kuwa akikipeleka amejipeleka.

Wengine watasema: "Kenya iliruhusu chang'aa mwaka 2010, na bado watu wakafa mwaka 2014." Ni kweli iliruhusu. Ilifuta marufuku ya mwaka 1980 ikataka kinywaji kitiwe katika chupa za kioo, kwa leseni na viwango vya kiwanda. Ni mama gani wa kibandani mwenye mtambo wa kujaza chupa? Waliofaidika ni wenye mitaji. Mpikaji mdogo alibaki pale pale alipokuwa. Funzo la Kenya ni kwamba ruhusa isiyomfikia kabwela haimwondoi gizani.

Linganisheni na Scotland. Whisky ile inayouzwa leo kwa bei ya mbuzi ilikuwa gongo ya wakulima mabondeni, iliyopikwa kwa shayiri, kwa kificho, huku askari wa ushuru wakiwafukuza wapikaji milimani. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilipunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10. Wapikaji wakaanza kutoka mafichoni. Leo nchi ile yajivunia kinywaji hicho dunia nzima. New Zealand, tangu mwaka 1996, humwachia raia akeneke nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, mradi asiuze. Kwa nini raia wa huko aaminiwe na chungu chake, na raia wa Rufiji aonekane mtoto?

Angalieni utajiri unaopotea hapa kwetu. Msimu wa korosho ukifika, mabibo huanguka chini ya mikorosho yakaoza, nzi wakafaidi. Mashine za kusaga hutoa pumba, za kukoboa mpunga hutoa chenga. Mikono ipo na ujuzi upo, umerithiwa kwa mama na bibi. Lakini kreti za pombe kali hushuka kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, na fedha yetu hupanda kurudi huko. Huu si uchumi wa watu huru. Ni ule ule wa zamani: sisi tutoe malighafi na koo, wengine watoe lebo.

Basi twataka nini? Kwanza, leseni ndogo itolewe kwa vikundi vya ushirika vya wapikaji, kwa ada ambayo mwuza maandazi aweza kuilipa, na iombwe hapa hapa wilayani. Pili, SIDO, shirika lililoundwa kwa ajili ya viwanda vidogo, litengeneze mtambo safi wa bei nafuu ambao kikundi chaweza kuulipia kidogo kidogo. Tatu, Shirika la Viwango lifike wilayani kupima, na kinywaji kisichopimwa kisiuzwe. Nne, vijiji visivyotaka pombe viwe na haki ya kuikataa kwa mkutano wao wenyewe. Tano, atakayetia methanoli, na atakayemwuzia mtoto, asihurumiwe, awe na kibanda au awe na kiwanda.

Hatusemi ulevi ni jambo jema. Mlevi wa gongo na mlevi wa Konyagi wote huwaacha watoto bila chakula, na chama cha wafanya kazi hakiwezi kufurahia hilo. Lakini ulevi haujakoma kwa miaka hii yote ya misako. Kilichopungua ni heshima ya maskini mbele ya sheria yake mwenyewe.

Wanachama, mkutano wa tawi ujao lileteni jambo hili mezani. Msiogope kuambiwa mnatetea walevi. Semeni mnatetea kipimo kimoja kwa watu wote. Kama mvuke wa nafaka ni uhalifu, mwenye kiwanda naye akamatwe. Kama si uhalifu, basi mama wa Kibiti apewe leseni, apimiwe kinywaji chake, alipe kodi yake, na alale usingizi nyumbani kwake.