Mchoro Hutangulia Nyundo

Mzee wa hapa Koboko apendaye kunusa ugoro hutosheka na kikopo chochote chenye kifuniko kinachobana. Katika Ufaransa ya karne ya 18 mambo yalikuwa mengine. Kijaluba cha ugoro cha bwana mkubwa kilifanywa kwa dhahabu na kupambwa kwa vito, nacho kilienea katika kiganja. Mtindo uliotawala uliitwa rokoko: mistari iliyopindana kama mawimbi, makombe ya bahari na majani, upande wa kuume usilingane na wa kushoto.

Sonara hakuanza na nyundo. Alitangulia mchoraji na karatasi yake. Mashuhuri mmoja alikuwa Juste-Aurèle Meissonnier, mzaliwa wa Turin mwaka 1695, aliyefanywa mchoraji wa mfalme Louis wa 15 mwaka 1726. Alichora vijaluba, vinara vya mishumaa na mabakuli ya supu.

Askari watapenda kusikia kwamba vijaluba hivyo vilifika hata vitani. Husimuliwa kuwa huko Kunersdorf, tarehe 12 Agosti 1759, risasi iliyomlenga Frederick wa 2, mfalme wa Prussia, ilizuiwa na kijaluba kilichokuwa mfukoni mwake. (Vita vyenyewe alishindwa.) Mwaka huohuo, ili kulipia vita hivyohivyo, Louis aliamuru vyombo vya fedha viyeyushwe vipigwe sarafu. Kazi za Meissonnier zilizosalia ni chache mno. Twazijua nyingi kwa sababu michoro yake ilichorwa kwenye bamba za shaba na kupigwa chapa.

Watu wa West Nile hawahitaji kufafanuliwa sana habari ya kupoteza vyombo. Mwaka 1979 na 1980 kaya nyingi zilikimbilia Sudan na nchi iliyoitwa wakati ule Zaire, zikiacha masanduku na mashuka yaliyotariziwa. Kina mama waliorudi walianza upya kwa kukumbuka. Sasa waliokumbuka wanazeeka, na mapambo ya mashuka na ya kawa yamo vichwani mwao tu.

Kwa hiyo, dada zangu, nunueni daftari la hesabu lenye miraba. Mraba mmoja uwe mshono mmoja, na jina la rangi liandikwe pembeni. Ua linalolingana pande zote lichorwe robo tu, kisha karatasi ikunjwe mara mbili. Tawi lililopindapinda kwa mtindo wa rokoko halina nusu inayofanana na nyingine; hilo litawabidi mlichore lote.