Hesabu ya Kurudi Kijijini

Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, Dar es Salaam huzaa mkulima mpya. Mpangaji anachukua kalamu na kuanza kupiga hesabu: kijijini hakuna kodi, hakuna nauli ya daladala, mboga ziko nyuma ya nyumba. Kijiji kinashinda asubuhi na mapema. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba imetaja fedha zote ambazo hazitatoka, bila kuuliza zitakazoingia zitatoka wapi.

Kijijini matumizi ni madogo, lakini mbolea, sare za shule, dawa, vocha na michango ya misiba vyote vinataka taslimu, na taslimu ya mkulima ina msimu. Nyanda za Juu Kusini na Kanda ya Kati hupata msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi kama Aprili. Anayehamia huko mwezi Mei anakuta wenyeji wanasubiri kuvuna. Yeye atapanda mvua zijazo na kuvuna mwaka unaofuata, na kwa muda wote huo atakula akiba. Akivuna, anavuna pamoja na kijiji kizima. Bei imeshuka, na mnunuzi amefika na magunia yake ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo. Mwenye kitu mfukoni anaweka mahindi ghalani akingoja Januari. Asiyenacho anauza Julai. Mtwara na Lindi kuna kangomba: mkulima aliyebanwa anauza korosho zake kwa bei ya kutupa, wakati mwingine zikiwa bado mtini, kwa sababu hawezi kusubiri mnada wa stakabadhi ghalani.

Tumezoea kuwacheka wanaolima kwa simu, wale wenye mshahara mjini na shamba Kilombero linaloendeshwa kwa picha za WhatsApp. Pesa ipo, mtu hayupo. Anayehama mikono mitupu ana shida hiyo hiyo iliyogeuzwa, na sioni kwa nini tumwite shujaa.

Serikali nayo iliwahi kupiga hesabu hii kwa niaba ya wananchi. Mwaka 1983, uchumi ukiwa taabani, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Waliohesabiwa kuwa hawana kazi Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa vijijini kulima, na wengi wakarudi mjini. Muuza samaki au fundi viatu alikuwa na kazi, ila haikuwa kwenye kitabu cha ofisa. Na jiji halikupungua: Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728. Kwa hiyo kiongozi anaposimama jukwaani na kuwaambia vijana warudi shambani, ni haki yao kumuuliza shamba lipi.

Maana kwenye ardhi ndipo penye ugumu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na halmashauri haiwezi kugawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti peke yake haitoshi, ingawa wengi kutoka mjini wamenunua kwa karatasi kama hizo. Wenye ardhi ya ukoo nao wasijidanganye. Kaka aliyebaki akalima na kuwauguza wazazi ana maoni yake kuhusu mipaka, na hayasemi wakati wa sikukuu ya Krismasi unapokwenda na mchele na soda. Utayasikia ukija na godoro.

Mimi naona mjadala umekwama kwa sababu tunaona ncha mbili tu, Kariakoo na shamba. Mkoani Kagera watafiti walifuatilia watu wale wale tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2010. Waliokwenda majiji makubwa walipanda haraka zaidi kimaisha, lakini walikuwa wachache. Kati ya wote walioutoka umaskini, karibu nusu walifanya hivyo kwa kuhamia miji midogo au kushika shughuli zisizo za kilimo huko huko vijijini. Waliotoka kwa kuhamia majiji makubwa walikuwa kama mmoja kati ya saba. Na hiyo ni kabla umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) haujasambaa kama ulivyo leo. Palipo na umeme, fundi wa kuchomelea, kinyozi na mwenye jokofu wanaweza kupata hela ya wiki mahali ambapo zamani palikuwa na hela ya mavuno tu.

Kwa hiyo mtu mwenye ufundi ningemwelekeza Ifakara, Makambako au Kahama kabla ya kumwelekeza porini. Afungue banda lake, akodi ekari moja au mbili jirani, apitishe misimu kadhaa akijifunza udongo na watu, bila tumbo lake kutegemea mvua.

Mwanamke anayemfuata mume kijijini kwao ana swali lake la ziada. Sheria ile ya 1999 inampa haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini mume akifa, anayemkabili ni ukoo. Jina lake liingizwe kwenye hati ya hakimiliki ya kimila, na makubaliano hayo yafanyike wakiwa bado mjini, kabla hajaacha biashara yake.